Mhariri, wapiga vyombo nao wana majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua nimeandika ndefu lakini naomba msiikate sana. Ile makala yenu kuhusu santuri kurudi sokoni nimeisoma yote mpaka nukta ya mwisho na mwandishi wenu kajitahidi, ni kweli kabisa kwamba Marekani mwaka 2022 santuri ziliuzwa nyingi kuliko CD, kama milioni 41 kwa milioni 33, na jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu mwaka 1987. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu uko kwenye aya moja katikati ambako amesema siku hizi watu wananunua mpaka santuri za magitaa matupu ya hevi metali, ule muziki wa rock wenye magitaa mazito, ambazo hazina hata mwimbaji, kisha akaziita kelele za kupamba sebule akaendelea na mambo mengine. Mi hapo nilisimama nikarudia kusoma mara mbili, maana ninayo santuri ya namna hiyo hiyo na naipenda, na mi ni mpiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kanisa hapa Dodoma, sio mtu wa kelele.

Santuri yenyewe inaitwa Perpetual Burn, ya kijana anaitwa Jason Becker, mzaliwa wa Richmond kule California. Ilitoka mwaka 1988 kwenye lebo ndogo ya Shrapnel, ya bwana Mike Varney, ambaye kazi yake miaka hiyo ilikuwa kuokota vijana wapiga gitaa ambao hakuna kampuni kubwa iliyokuwa inawataka akawarekodi. Ina nyimbo 8 na humo ndani huyo Becker haimbi. Gitaa kapiga yeye, besi yeye, kinanda yeye, na rafiki yake Marty Friedman kaingia kumsaidia baadhi ya solo, na drams kapiga Atma Anur, naomba hilo jina la Atma Anur mlishike nitalirudia. Becker kazaliwa Julai 1969, sasa piga hesabu mwenyewe, albamu inatoka kijana ndo anatimiza miaka 19! Umri ambao hapa kwetu kijana anahangaika na matokeo ya kidato cha sita.

Sasa nianze na hilo neno kelele, maana ndo msingi wa yote.

Gitaa la umeme ukilipitisha kwenye amplifaya halafu ukaisukuma amplifaya kupita uwezo wake, wimbi la sauti linakatwa kichwa, na pale linapokatwa zinazaliwa sauti nyingine za juu ambazo mwanzo hazikuwepo, ndo unasikia ule mkwaruzo. Faida yake ni kwamba noti haifi haraka. Gitaa la kawaida ukiligusa noti inalia inazima, hili lenye mkwaruzo noti inaning'inia, unaweza kuivuta na kuitetemesha kama mwimbaji anavyofanya na pumzi yake, kwa hiyo mtu anaposema hamna mwimbaji mi namwambia sikiliza vizuri, gitaa ndo limeshika kazi hiyo. Na mkwaruzo una gharama, wapigaji wanajua. Nyuzi ambayo huipigi ikiguswa kidogo tu na yenyewe inapiga kelele kubwa sawa na ile unayoipiga, sasa mkono wa kulia unapiga huku kiganja kinazima nyuzi za chini, mkono wa kushoto unabonyeza huku vidole vingine vinazima nyuzi za juu, yote kwa wakati mmoja na kwa spidi. Mchafu anasikika papo hapo. Ukimsikiliza Becker kwenye spidi yake kubwa kila noti unaihesabu, moja moja, na huo ndo usafi ambao miaka yote nautafuta kwenye gitaa langu na bado.

Halafu sisi wa Dodoma ndo watu wa mwisho duniani kuuogopa mlio unaokwaruza. Chukua ilimba ya Kigogo, ile yenye vyuma vya kupiga kwa vidole gumba juu ya sanduku la mbao. Sanduku lina tundu, na fundi haachi tundu wazi, anabandika utando mwembamba wa buibui, na utando ule ndo unafanya kila noti itoke na mtetemo wa zzz nyuma yake. Ule mtetemo umewekwa makusudi. Ukiubandua ule utando wazee watakwambia ilimba imekufa, haina sauti, wakati kwa sikio la mgeni sasa ndo imekuwa safi. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma, kaupeleka mlio huo majukwaa ya Ulaya na lebo ya Real World ya Uingereza ikautoa, albamu ya Chibite ni ya mwaka 1996, na wazungu walikaa kimya wakasikiliza. Sasa inakuwaje sisi ambao bibi zetu wamelelewa kwenye mlio huo tukisikia gitaa limefanyiwa kitu kilekile kwa umeme tunakimbilia kusema kelele? Sisemi ni muziki mmoja, la hasha, nasema sikio tunalo tayari, tulitumie.

Kuna wengine, hasa wenzangu wa kanisani, wao hawasemi kelele wanasema ni muziki wa shetani. Nawaheshimu na nimewajibu uso kwa uso, nitajibu na hapa kwa kifupi. Albamu haina maneno, hakuna anayekufundisha lolote baya ndani yake. Kuna wimbo humo unaitwa Air, sehemu kubwa ni magitaa safi yasiyo na mkwaruzo, yamepangwa moja juu ya jingine, hili linauliza lile linajibu, halafu la tatu linapita katikati yao, na hiyo ni elimu ya Bach moja kwa moja, ule mpangilio wa sauti ambao kila moja ina wimbo wake na zote zinakubaliana. Huyo Bach alikuwa mwanamuziki wa kanisa la Kilutheri pale Leipzig kuanzia 1723 mpaka anakufa 1750. Mwalimu yeyote wa kwaya anayepanga sauti ya kwanza mpaka ya nne anajua anachofanya Becker hapo. Niliwahi kuwasikilizisha wenzangu wa sauti ya tatu huo wimbo kabla ya mazoezi bila kuwaambia unatoka wapi, wakaniuliza ni kwaya gani imepigiwa magitaa hayo.

Kuna kitu anafanya huyu kijana nataka nikieleze kwa wasomaji wanaopiga gitaa maana najua mpo. Kawaida piki, kile kidude cha kupigia nyuzi, inapiga juu chini juu chini kwenye kila noti. Yeye anaiburuza, yaani anashuka nayo toka nyuzi nene mpaka nyembamba kwa mwendo mmoja kama anapiga kodi ya kawaida, yaani noti kadhaa kwa pamoja, noti moja kila nyuzi, ila kidole cha kushoto kinaachia kila nyuzi pale pale piki inapohamia nyingine, kwa hiyo noti haziungani zikawa kodi, zinatoka moja moja zimefuatana kama ngazi. Halafu anarudi juu vilevile. Ukisikiliza Altitudes utaelewa ninachosema. Mi nimejaribu hiyo staili polepole na metronomu ya simu, ile inayohesabu mapigo, na naweza kusema mkono wa kulia sio tatizo, tatizo ni kuachia, kidole kinachelewa kutoka. Vijana mnaoanza anzeni taratibu sana, nyuzi tatu tu, msikimbilie sita.

Na kilichompata Becker lazima nikiseme, maana kinabadilisha jinsi unavyoisikiliza hiyo santuri. Mwaka 1989, amechukuliwa kwenye bendi ya David Lee Roth, yule aliyekuwa mwimbaji wa Van Halen, nafasi ambayo kila mpiga gitaa wa rock duniani aliitamani, akaanza kuchechemea. Wakampima, wakakuta ana ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoongoza misuli. Alikuwa na miaka 20. Madaktari wakampa miaka mitatu mpaka mitano ya kuishi. Albamu ya Roth alimaliza kuirekodi, ikatoka 1991, lakini jukwaani hakuweza kwenda nayo, mikono ilikuwa inaisha nguvu, baadaye miguu ikaisha, na 1996 sauti nayo ikaondoka. Hakufa. Baba yake, Gary, akamtengenezea mfumo wa herufi anazozisoma kwa macho, Becker anaangalia juu au chini au pembeni na aliyekaa mbele yake anajua ni herufi gani, na kwa njia hiyo pamoja na kompyuta akaendelea kutunga, noti kwa noti, na mwaka 2018 katoa albamu nyingine, Triumphant Hearts, wapigaji wengine wakimpigia yale aliyoyatunga kichwani. Sasa wewe mtu akikwambia hiyo Perpetual Burn ni pambo la sebule utamuelewa? Ndio albamu pekee ya jina lake mwenyewe aliyoimaliza mikono ikiwa mizima. Karibu kila noti ya gitaa pale ni mikono ya kijana ambaye hakujua kwamba amebakiza muda mfupi.

Niongelee na santuri yenyewe kidogo kwa sababu makala yenu iliishia kwenye bei. Kwa nini santuri na sio simu? Mi nina simu na bando ninalo, sijakosa. Ila kwenye simu wimbo wa pili ukichelewa kunoga kidole kinaruka, kwenye santuri unaweka sindano unakaa, upande ukiisha unainuka unaugeuza, na muziki usio na maneno unataka mtu aliyekaa. Hilo ni kubwa kuliko hayo ya sauti tamu sijui sauti ya joto ambayo watu wanabishana.

Lakini kwa mtu wa Dodoma anayetaka kuanza kuna mambo hamkumwambia. Kwanza vumbi. Mwezi wa saba na wa nane upepo wa hapa mnaujua, na hewa ni kavu, na santuri ni plastiki, ukiitoa kwenye mfuko wake inashika umeme wa msuguano inavuta vumbi lote la chumba. Usifute kwa kitambaa kikavu, unaongeza ule umeme. Burashi laini kila kabla ya kupiga, na dirisha la upande wa upepo lifungwe, na santuri isimame wima kama kitabu mbali na ukuta unaopigwa jua la mchana maana ikipinda hairudi. Pili, na hili nimeliona kwa watu wengi, mtu ananunua mashine ya santuri anachomeka waya moja kwa moja kwenye sabufa, anasikia sauti nyembamba haina besi anasema santuri ni utapeli. Si utapeli. Santuri wakati wa kuchongwa besi inapunguzwa makusudi, kwa sababu besi kubwa inachonga mtaro mpana na upande ungejaa haraka, na sauti za juu zinaongezwa, halafu kinatakiwa kifaa cha kugeuza hayo yote kinyume na kuikuza ile sauti ndogo ya sindano, tunakiita priampu ya santuri. Mashine nyingine zinayo ndani, nyingine hazina. Ulizeni kabla ya kutoa hela.

Na jingine la wapenzi wa magitaa, nyimbo za mwisho wa upande zinakuwa na kazi ngumu. Sahani inazunguka kwa mwendo uleule, mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, lakini mtaro wa nje ni mrefu na wa ndani ni mfupi, kule nje sindano inapita kama sentimita 50 kwa sekunde, ukifika karibu na lebo ni kama 20 tu, sauti zilezile za juu zinabanwa kwenye nafasi ndogo. Gitaa lenye mkwaruzo limejaa sauti za juu, kwa hiyo sindano ikichakaa au ikikaa vibaya kule ndani ndo linaanza kusaga. Ukisikia hivyo usimlaumu mpigaji, angalia sindano.

Sasa nirudi kwa Atma Anur, maana ndo sababu hasa ya barua hii.

Mi huyu mtu sikumjua kwa redio wala kwa gazeti. Nimemjua kwa kusoma kava. Nilipenda drams za Perpetual Burn, nikasoma nani kapiga, nikaanza kumtafuta jina lake, nikamkuta kwenye Speed Metal Symphony ya mwaka 1987, ile ya Becker na Friedman pamoja kama Cacophony, nikamkuta kwenye albamu ya kwanza ya Greg Howe ya 1988, nikamkuta kwenye Maximum Security ya Tony MacAlpine ya 1987. Na hapo kwa MacAlpine nikapata zawadi nyingine, kumbe ni mtu mweusi, wa Springfield, Massachusetts, kasomea piano ya klasiki toka mdogo, na kwenye albamu yake ya kwanza Edge of Sanity ya 1986 pamoja na magitaa yote yale anakaa kwenye piano anampiga Chopin. Besi humo ni Billy Sheehan, drams Steve Smith aliyekuwa Journey. Yaani kutoka jina moja dogo kwenye karatasi nimepata shule nzima ya wanamuziki, nikajifunza kwa kila mmoja. Bila lile jina ningeishia kwa Becker.

Sasa Mhariri, kijana wa leo wa Kitanzania akipenda gitaa lililopigwa kwenye wimbo wa hapa nyumbani anaanzia wapi kumtafuta aliyelipiga? Mwimbaji tunamjua, mpaka gari lake tunalijua. Prodyuza siku hizi tunamjua na hilo ni jema, wamelipigania. Aliyepiga gitaa? Aliyepiga besi? Hakuna kava, hakuna maelezo, na ukurasa wenu wa burudani nao haumtaji. Nimekaa na vijana wanaokesha wakipigia kwaya na bendi hapa mjini, wamepiga kwenye nyimbo ambazo mnaziimba nyote, hakuna mahali popote duniani palipoandikwa majina yao.

Zamani haikuwa hivi kabisa. Kwenye dansi mwimbaji mwenyewe alikuwa anamwita mpiga solo kwa jina katikati ya wimbo kabla hajaingia, ukisikia jina unajua sasa gitaa linakuja. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, hapo jirani, watu walimfuata kwa sauti yake na kwa gitaa lake vilevile, yeye ndo alikuwa solo, na mpaka leo tangu afe kwa ajali mwaka 1979 wapigaji bado wanabishana vidole vyake vilikuwa vinakaaje. Marehemu Michael Enoch wa bendi ya Sikinde alianza na gitaa la solo kule Dar es Salaam Jazz akahamia saksofoni, na wapenzi wa dansi walijua hiyo historia kichwani. Lakini nani alipiga ridhim, gitaa la kusindikiza, nyuma ya Mbaraka? Nani sekondi solo? Santuri nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi, zile ndogo za nyimbo mbili, lebo yake ina jina la wimbo na bendi, na mtunzi, basi. Mikanda ya Redio Tanzania ipo, nyimbo zipo, ila wale waliokaa kwenye viti nyuma ya mwimbaji wanaondoka mmoja mmoja na majina yao.

Kwa hiyo ombi langu sio kwamba muanze kuandika hevi metali kila wiki, ingawa mkiandika nitafurahi. Ombi langu ni mambo ambayo hayawagharimu. Mkiandika habari ya wimbo mpya muulizeni msanii nani kapiga vyombo, mtaje, mstari mmoja tu unatosha. Mkienda kwenye tamasha piga picha na mtu wa besi. Na tumeni mwandishi hapa Dodoma akakae na wazee waliopiga kwenye bendi za miaka ya 60 na 70, bado wapo wachache, wengine wako Majengo wengine Chang'ombe, wengine wamehamia vijijini kulima, awaulize kwenye wimbo huu nani alikuwa solo, nani ridhim, nani tumba, ayaandike kama yalivyo. Kwa wapigaji wa zeze na ilimba hivyo hivyo, wanaitwa kupamba sherehe za serikali, wanacheza, gazeti linaandika kikundi cha ngoma kilitumbuiza. Kikundi gani? Nani alikuwa na zeze?

Na kwa yule mwandishi wa makala, nampa mwaliko wa dhati. Aje Dodoma, treni siku hizi ipo hachoki, nimpigie upande wa kwanza wote wa hiyo santuri kwa sauti ya kawaida sio ya kuvunja madirisha, halafu tujadili. Majalada yote niliyonayo ya santuri za bendi zetu, yale machache yenye majina ya wapigaji, nayo nitamtolea apige picha, na kama kuna msomaji mwingine anayo yoyote, hata yaliyochanika, naomba asiyatupe, amletee Mhariri ayachapishe.

Msomaji wenu,
Mpiga solo, Ipagala, Dodoma